Upande wa Kushoto

Alishushwa Februari kutoka lori la ng'ombe,
jasho limemkaukia mgongoni, jeupe kama chumvi,
maksai wa miaka mitatu, rangi ya jivu lililomwagiwa maji.
Cheti chake kilisema: Trovisco.
Hilo ni jina la kichaka cha huku kwetu Alentejo,
kina sumu, hata mbuzi hupita kando.
Nikasema, haya, tutajuana.

Sikumpanda.
Nilisimama katikati ya uwanja wa mchanga na kamba ndefu,
yeye akizunguka, mimi nikizunguka,
mshale mrefu wa saa na mshale mfupi.
Kulia alipinda kama mnofu.
Kushoto alikuwa mbao.
Mzee Belmiro, aliyenifundisha mimi
kabla magoti yake hayajamsaliti,
alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimenya lozi.
Hakusema neno wiki nzima. Maganda tu, miguuni pake.

Samaki hukunjwa angali mbichi.
Farasi hakunjwi.
Unamngoja ajikunje,
kisha unajifanya ndicho ulichotaka tangu alfajiri.

Machi, lijamu. Nilikipaka asali kile chuma,
akakitafuna mchana kutwa
kama mtoto mwenye jino linalolegea.
Aprili, uzito wangu: nilimlalia kifudifudi, gunia la shayiri,
moyo wake ukipiga chini ya mbavu zangu,
mkubwa, wa polepole, haunijui.

Baadaye ndipo maneno.
Mguu ubavuni: sogea.
Mguu ukiondoka: asante.
Hatamu si breki, Belmiro alinikemea, hatamu ni swali,
na wewe, Idalina, unauliza huku umeziba masikio.
Kubana kila mtu anajua.
Kazi iko kwenye kuachia,
na kuachia mapema,
pale anapolifikiria tu lile unaloomba,
kabla hajalifanya.

Juni korongo alitua ukutani.
Tulikuwa telki, mara tukawa shoti,
mguu ukachomoka kwenye kikuku, nikajing'ata ulimi.
Niliposhuka nimetema damu mchangani
Belmiro alikuwa akicheka mpaka lozi zikamwagika.
"Mrudishe palepale. Wajulishane."
Tukarudi. Korongo akatutazama kama karani.

Mwaka ukapita hivyo, na kipande cha mwingine.
Jivu likaanza kupauka usoni pake.
Kisha asubuhi moja ya Septemba, bila sababu ya kusimulia,
tukiwa matiti, tukielekea kushoto,
mbao ikalainika chini yangu.
Mgongo ukanyanyuka, ukanibeba,
na sarafu mfukoni mwangu,
zilizokuwa zikipiga kelele miezi kumi na tisa,
zikanyamaza.
Nilishuka papo hapo. Nikamfungua matandiko.
Jambo kama hilo huliombi mara ya pili siku hiyohiyo.

Oktoba akaja daktari wa meno kutoka Porto
na binti yake Benedita, buti mpya zinalia.
Akapanda. Mikono mizito, pumzi ameikaba kifuani.
Trovisco akatembea kama aliyebeba kabati.
Walipofika kona ya kushoto
sikio lake moja likanigeukia, kwenye uzio,
likabaki hapo.
Niliinama kufunga kamba ya kiatu isiyofunguka.
Nikasema, nikiutazama mchanga:
"Tema pumzi, binti."

Akaitema.
Nilipoinua kichwa sikio lilikuwa limemrudia yeye,
na wawili hao wanapinda,
vibaya, lakini wanapinda.
Nilimfundisha lugha hii miaka miwili
ili aizungumze na mtu mwingine.
Nilijua hivyo tangu lori la ng'ombe.
Kujua hakunisaidia chochote.

Jioni nilisawazisha mchanga kwa reki.
Belmiro akauliza wamelipa ngapi.
Nikamtajia.
Akatafuna lozi yake hadi ikaisha.
"Hiyo," akasema, "ni bei ya upande wa kulia."